Picha ya Kifua cha Bibi Dativa

Bibi yangu Dativa alipoambiwa kuna kitu kwenye pafu lake, swali la kwanza aliloniuliza ni kama kwenye hiyo picha ametoka vizuri.

"Mume wangu, hebu nitazame. Nimependeza?"

Mume wake ni mimi, Alfonsi, mtoto wa binti yake Agnes. Kwetu Wamakonde bibi na mjukuu wa kiume ni watani, ananiita mume, namwita mke, tunatukanana mbele za watu na hakuna anayeshtuka.

"Umetoka mbavu tupu, mke wangu," nikamjibu. "Hata sijui nilikuoa kwa sababu gani."

"Ulifuata mapishi."

Akacheka mwenyewe, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, akainama pale kwenye benchi huku mama yangu akimpiga-piga mgongoni juu ya kanga. Kikohozi hicho ndicho kilichotuleta. Bibi alikuwa anakaanga korosho za kuuza nyuma ya nyumba yetu pale Rasbura, na anayeujua moshi wa ganda la korosho anaujua, unauma macho, unakwaruza koo, ukiingia kwenye shati hautoki. Alikohoa masika, akakohoa kipupwe, dawa za dukani zikashindwa, mama akasema sasa basi, twende tukapige picha.

Hiyo ni 2009. Lindi siku hizo kila kitu kilikuwa kinafunguliwa na mtu binafsi, mabasi, stesheni za redio, mitandao ya simu inayogombania wateja barabarani. Mimi mwenyewe nilikuwa nauza vocha sokoni, simu mkononi asubuhi mpaka jioni. Na mzee mmoja mfanyabiashara, Tawakali, akafungua kituo cha afya chenye eksirei na ultrasound. Tukaona tumefika Ulaya!

Mganga aliyekuwa zamu aliichomeka ile filamu kwenye kisanduku cha taa, akaigusa kwa kalamu.

"Hapa. Pafu la kushoto, huku juu. Mnaona hili duara?"

Tuliliona. Kwenye weusi wa pafu kulikuwa na doa jeupe, la duara, limekaa kimyaa kama kifungo cha koti.

"Hiki ni kivimbe. Huenda ni kovu la kifua kikuu cha zamani, huenda ni kitu kibaya. Eksirei haiwezi kusema zaidi ya hapo. Mpelekeni Dar akapigwe siti skani."

Neno lenyewe hakulitaja. Alikuja kulitaja mama, nje, akiwa ameuelekea ukuta: "Saratani." Halafu akajipangusa uso kwa kona ya kanga, akarudi ndani anatabasamu kama mtu aliyetoka kununua maandazi.

Sasa mimi ukinipa neno kama hilo na simu yenye intaneti, nimekwisha! Usiku na mchana nasoma. Kurasa zinafunguka polepole kama kobe, nusu ni Kiingereza nisichokijua, lakini nasoma. Nikajua siti skani inaona vitu vidogo ambavyo eksirei inavipita, nikajua kivimbe kikiwahiwa mtu anapona, kikicheleweshwa haponi. Hilo la mwisho liliniingia kama mwiba. Nikaanza kumfuata Bibi mpaka jikoni.

"Mke wangu, twende Dar."

"Siendi."

"Unalala tu kitandani, unaingia kwenye mashine kama mkate kwenye tanuri, unatoka. Hakuna sindano."

"Na nguo?"

"Nguo?"

"Nguo unaingia nazo?"

Nikasoma kwenye simu. "Unavaa gauni la hospitali. Linafungwa kwa nyuma."

Akageuza korosho kwenye kikaango, hakunitazama. "Siendi, Alfonsi. Nimeshaishi. Kama ni mauti, nipelekeni Kitangari nikalale karibu na Likwata." Likwata ni babu yangu, alizikwa huko kwetu, uwanda wa Makonde, zamani, mimi nikiwa sijaanza shule. Na Bibi aliponiita Alfonsi badala ya mume wangu, nikajua hatanii.

Akaanza kugawa vitu. Jirani akapewa kinu, mama akapewa kanga mpya zilizokuwa bado zimeshikana pamoja. Mama alizipokea, akazikunja, akaenda kulia chooni. Hakubishana naye. Mama hakuwahi kubishana na Bibi maishani mwake. Akiongea naye anaongea macho chini, akimpa kitu anampa kwa mikono miwili. Mimi ndiye niliyepewa mdomo katika familia ile, na mdomo wangu ulikuwa umegonga mwamba.

Alhamisi tukasikia daktari mkubwa amekuja. Pale kituoni kulikuwa na daktari wa kuja na kuondoka, bingwa wa kusoma picha, anaitwa Eusebio, anatoka Mtwara. Mimi na mama tukachukua ile bahasha kubwa ya kaki, tukaenda, Bibi tukamwacha na korosho zake.

Daktari Eusebio ni mfupi, mnene, anaongea kama anatafuna kitu kitamu. Aliitazama filamu kwa muda mrefu sana. Akaisogelea, akarudi nyuma, akavua miwani, akaivaa.

"Mama," akamwambia mama yangu, "hili doa silielewi. Tazama ukingo wake. Upande huu umechorwa wazi, kama kwa wembe. Upande huu unafifia, unapotea kabisa. Kivimbe kilicho ndani ya pafu kimezungukwa na hewa pande zote, ukingo wake huwa unaonekana mzunguko mzima."

"Kwa hiyo ni nini, daktari?" nikadakia.

"Wewe ni nani?"

"Mume wake."

Mama akanifinya. Daktari akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Nipe hiyo simu, mume. Simama pale."

Akanisimamisha mbele ya ule mti wa chuma wa kutundikia dripu, akanipiga picha, akanionyesha. Weh! Ule mti ulikuwa umeota katikati ya kichwa changu, na ndoano zake mbili juu kama pembe za mbuzi.

"Una pembe?"

"Sina."

"Picha inasema unazo. Sasa geuka, nikupige ubavuni." Akapiga. Safari hii mti ulikuwa nyuma yangu kabisa, peke yake, na kichwa changu salama. "Ndiyo eksirei hiyo. Ukimpiga mtu kutoka mbele, kila kilichoko kifuani na kila kilichoko mgongoni vinalala pamoja kwenye karatasi moja. Ngozi, mfupa, pafu, vyote. Ukitaka kujua kitu kiko ndani kiasi gani, unampiga na ubavu."

"Si tumpige hiyo ultrasound yenu?" mama akauliza taratibu. "Wanasema haina madhara."

"Haina, mama, lakini pafu ni hewa tupu, na mawimbi ya ultrasound yakikutana na hewa yanarudishwa mlangoni. Ini tutaliona, figo tutaliona. Ndani ya pafu hatutaona kitu."

"Na siti skani?" nikasema.

"Siti skani ni baba yao. Chukua mkate wa boflo. Eksirei inakuonyesha kivuli cha boflo ukutani. Siti skani inaukata slesi kwa slesi, unafungua kila slesi unatazama kama kuna kokoto. Hata kokoto ndogo kama mtama unaiona. Kama hili doa liko ndani ya pafu, bibi lazima aende, na mimi mwenyewe nitampigia simu mwenzangu Dar. Lakini kabla sijamsafirisha mzee barabara yote ile, nataka kujua kitu kimoja." Akaita kwa sauti: "Maftaha!"

Maftaha ndiye mpiga picha wa kituo. Kijana wa mtaani kwetu, amekulia mlangoni kwa Bibi, nusu ya utapiamlo wake Bibi ndiye aliyeutibu kwa uji wa korosho.

"Huyu bibi ulimpiga wewe?"

"Ndiyo, daktari."

"Alivua?"

"Alivua rozari."

"Blauzi?"

Maftaha akakwaruza shingo. "Alisema hana kitu cha chuma."

"Sikuulizi chuma. Mgongoni ana jipu? Ana kovu? Ana nundu yoyote kwenye ngozi?"

"Daktari, yule ni bibi yangu kabisa. Mimi nilikuwa natazama ukuta."

Daktari Eusebio akavua miwani, akajifuta jasho. Hakumgombeza, alitikisa kichwa tu. Akamgeukia mama. "Mama, wewe ni binti yake. Mgongoni ana nini?"

Mama alishtuka utadhani kamwagiwa maji. "Mimi? Nimwone mama yangu mgongo?"

Fikiria! Mtu amezaa watoto, ana wajukuu, amekaa Rasbura miaka na miaka, na hakuna mtu hai anayeujua mgongo wake. Nikakumbuka hizo blauzi, zimefungwa mpaka shingoni, joto la Lindi hili, na juu yake kanga. Nikakumbuka alivyouliza kuhusu nguo.

"Mmoja wenu akamuulize," daktari akasema.

Mama akanitazama. Maftaha akanitazama. Hata Fauzia, yule nesi aliyekuwa anapanga mafaili, akanitazama. Nani mwingine sasa? Mtani nani?

Nilimkuta nyuma ya nyumba, macho mekundu, anapuliza makaa. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, na yote yaliyeyuka. Nikakaa kwenye kigoda, nikachukua korosho ya moto, nikaungua.

"Mwizi," akasema.

"Mke wangu, nina swali la ndani."

"Uliza, ila unga umekwisha."

"Mgongoni una nini?"

Mkono wake ukasimama. Nilifikiri atacheka. Akanyanyuka na kile kijiti cha kugeuzia korosho, chenye moto mbele, nami nikaruka mpaka kwenye mnazi wa jirani.

"Nani kakwambia? Agnes?"

"Hajaniambia mtu! Mama hajui! Daktari ndiye anauliza! Anasema huenda lile doa haliko kwenye pafu, huenda liko nje kwenye ngozi, na kama liko nje hufi, mke wangu, husikii? Hufi! Lakini hawezi kujua kwa sababu Maftaha alitazama ukuta!"

Nilikuwa napiga kelele. Na katikati ya hizo kelele sauti ikanikatika, nikajikuta nalia kama mtoto mdogo, kamasi na kila kitu, simu bado nimeishika juu kama naomba taksi.

Bibi akaweka kijiti chini.

"Njoo ukae, we mwanamume wa kulia."

Nikaenda. Akafunika kikaango, akajifunga kanga vizuri, akaanza kuongea huku anatazama makaa.

"Tulikuwa wasichana watatu. Ilikuwa ni mambo yetu ya Kimakonde, chale. Mama zetu wanazo usoni, tumboni, kila mahali, zinapendeza, ukipita unaitwa mwanamke. Sisi tunasoma kwa masista. Masista hawataki kabisa kuona chale, ukirudi nazo unafukuzwa. Tukapanga. Tukamwendea yule mama mkataji, tukamwambia, tukate mgongoni, masista hawafiki huko. Wenzangu zikapona vizuri, laini. Mimi moja ikakataa. Ikawasha, ikavimba, ikaendelea kuvimba kama andazi kwenye mafuta. Likawa hili nundu. Sista akanigundua kisimani. Akanisimamisha mbele ya darasa zima, akafungua kitambaa, akawaambia wasichana wote watazame mgongo wa mshenzi."

Akachukua kijiti, akasukuma kaa moja ndani.

"Tangu siku ile hajaniona mtu. Ila babu yako. Likwata yeye lilimpendeza. Alikuwa anasema wanawake wote wana mgongo, wa kwangu una kitasa."

Nikacheka na machozi yangu. Yeye akacheka pia.

"Kwa hiyo upande gani, mke wangu?"

"Kushoto. Huku juu."

Nikasimama. "Twende sasa hivi! Daktari anaondoka jioni!"

"Ngoja." Akanishika mkono, na vidole vyake vilikuwa vya baridi ingawa alikuwa amekaa motoni. "Na kama sicho? Kama doa liko ndani kweli, na nundu liko nje, viwili tofauti?"

Hilo sikuwa nimelifikiria.

"Basi tunakwenda Dar," nikasema.

Akatazama nyumba, akatazama banda la kuku. "Kama ndivyo, nitakwenda. Nimekwishasema kwa mdomo wangu. Nitaingia kwenye hilo tanuri lenu, hata uchi."

Pale kituoni Fauzia akaingia naye chumba cha picha, akawafukuza wanaume wote, tukabaki kwenye korido mimi, mama, daktari na Maftaha. Daktari Eusebio alikuwa amempa Fauzia kibanio cha karatasi, kile cha waya, amekinyoosha na kukikunja upya kikawa duara. Maagizo yalikuwa mepesi: tafuta nundu, liwekee duara hili kulizunguka, bandika kwa plasta, halafu Maftaha apige, mbele na ubavu. Chuma kitaonekana cheupe kabisa kwenye picha. Doa likiwa ndani ya duara, doa ni nundu. Doa likiwa nje ya duara, doa liko kifuani.

"Na picha ya ubavu?" nikauliza.

"Ya ubavu ni ushahidi wa pili. Mimi simwamini shahidi mmoja."

Tulimsikia Fauzia ndani anasema, "Geuka kidogo, Bibi, hapo hapo," na Bibi anajibu, "Mikono yako laini, umeolewa?" Halafu Maftaha akaingia, safari hii ametazamishwa ukuta kwa amri, akapiga, akatoka, akakimbilia chumba cha giza kusafisha filamu.

Jamani, kusubiri filamu isafishwe! Nikafungua simu, nikafunga, nikafungua. Mama alikuwa amesimama anasali, midomo inatembea bila sauti. Nilitaka kumwambia habari za sista na kisima, nikajizuia. Hiyo si habari yangu kuisema.

Maftaha akatoka na filamu mbili zinachuruzika maji, amezishika kwa ncha za vidole kama samaki. Daktari hakusubiri zikauke. Akachomeka ya zamani kwenye taa, akachomeka mpya pembeni yake. Wote tukasogea.

Duara la waya liling'aa, jeupe, limepinda kidogo. Na lile doa, kile kifungo cha koti, lilikuwa limekaa katikati yake, kama kiini cha yai.

Daktari akachomeka ya ubavu. Akafuata mstari wa mgongo kwa kidole chake kinene, taratibu, mpaka akafika mahali ngozi ilipotoka nje kidogo, kibonge kidogo na waya wake, nje kabisa ya mbavu. Akarudi kwenye pafu, akalipitia juu, chini, nyuma ya moyo. "Safi," akasema. "Hapa safi. Hapa safi. Sina sababu ya kumpeleka mtu Dar kwa ajili ya hili."

"Na kikohozi?" mama akauliza kwa sauti iliyopasuka.

"Anafanya kazi gani?"

"Anakaanga korosho."

"Basi jibu umenipa, mama. Aache moshi, nimpe dawa, nimwone tena nikija. Kikigoma, tutatazama zaidi. Lakini hiki kilichowanyima usingizi, hiki ni ngozi tu."

Nilipiga yowe! Wagonjwa wa nje walidhani kuna msiba. Maftaha akanikumbatia na mikono yake yenye dawa ya filamu, nikanuka siki mpaka kesho yake. Mama hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale sakafuni kwenye korido, miguu imenyooka, kama mtu aliyeshuka kutoka safari.

Mlango wa chumba cha picha ukafunguka kidogo. Sauti ya Bibi.

"Nimesikia. Sina uziwi. Huyo mume wangu anayepiga kelele aondoke hapo mlangoni." Kisha akasita. "Agnes."

"Bee, mama," mama akaitika, akisimama haraka, macho chini kama kawaida.

"Njoo ndani."

"Umeshavaa, mama?"

"Sijavaa. Njoo."

Mama alinitazama mimi kana kwamba nitamruhusu. Akaingia. Mlango haukufungwa sawasawa, na mimi naapa nilikuwa nimegeuka, nilitazama ukuta kama Maftaha, lakini masikio hayana kope. Nilimsikia Bibi akiongea chini kwa chini kwa Kimakonde, muda mrefu, na nikaisikia ile habari ya kisimani. Nikasikia mama anavuta pumzi. Halafu Bibi tena, kwa Kiswahili, kwa ukali wa uongo:

"Shika vizuri. Si yai hilo, halipasuki."

Watu walikuwa wameanza kujaa kwenye benchi, mama mmoja na mtoto mwenye homa, mzee na mguu wake. Fauzia akagonga mlango kwa adabu.

"Bibi, samahani, vaa sasa, kuna wagonjwa huku nje wanataka chumba."

"Waambie wavumilie kidogo," Bibi akajibu. "Mwanangu hajamaliza kunitazama."